GARI LA KUZIMA MOTO SI LA KUPIGIA PICHA



Liko jambo moja ambalo wakubwa hupenda sana kulifanya, nalo ni kukabidhi gari jipya la kuzima moto. Hema husimamishwa, viti hupangwa, utepe hufungwa, na hotuba husomwa. Sisi hatulikatai jambo hilo. Gari jipya ni gari jipya, na kila mtu hulifurahia. Lakini twauliza swali ambalo siku ya utepe haliulizwi kamwe: Je, baada ya miaka saba gari hili litakuwa barabarani, au litakuwa nyuma ya stesheni, limewekwa juu ya mawe, nyasi zimeota mpaka mlangoni?

Swali hili si la wakubwa peke yao. Ni letu sisi tunaopanda gari hilo usiku wa manane, na ni la kila mfanyakazi mwenye nyumba ya mabati Mukuru au kibanda Gikomba. Moto wa Gikomba wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu wasiopungua 15. Moto wa Sinai wa tarehe 12 Septemba 2011 uliua watu wapatao mia. Katika mambo ya namna hiyo sababu ni nyingi, wala hatusemi kwamba gari peke yake lingeokoa wote. Twasema tu kwamba mtu aliyezungukwa na moto hana haja ya kujua nani alikata utepe. Ana haja ya pampu inayovuta maji.

Kwa hiyo katika toleo hili tutasema wazi juu ya ununuzi wa magari haya: jinsi yanavyochakaa, jinsi yanavyouzwa, ni nani anayepata faida, na ni nani anayelipa. Mwisho tutasema tunayoyataka.

KITANDA USICHOKILALIA HUJUI KUNGUNI WAKE

Wanaonunua magari haya hawayaendeshi. Huyapima kama wanavyopima gari la ofisi: limetembea maili ngapi? Likiwa limetembea maili kidogo, husema bado ni jipya. Hilo ni kosa la kwanza.

Gari la kuzima moto halihesabiwi kwa maili. Linaweza kwenda maili mbili tu, kisha likasimama hapo saa sita, injini ikinguruma kwa nguvu zote kwa sababu injini hiyo ndiyo inayoizungusha pampu. Mita ya maili inasema mbili, lakini injini imefanya kazi kama lori lililotoka Mombasa kuja Nairobi. Tena dereva wa lori hupasha injini joto kabla ya kuondoka. Sisi kengele ikilia hatungoji. Injini iliyolala baridi huamshwa, na dakika hiyo hiyo hukanyagwa mpaka mwisho.

Jambo la pili ni uzito. Lori hubeba mzigo likapakuliwa, likapumzika. Gari letu halipakuliwi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 4,000 ni tani nne, na tani hizo zimekaa juu ya springi, ekseli na tairi usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, hata gari likiwa limelala stesheni. Ongeza pampu, ngazi, mipira ya maji na watu. Gari namna hiyo likikata kona kwa haraka ndipo utajua kama aliyelinunua alichagua breki nzuri au alichagua bei.

Tatu, kuna kuzeeka kusikoonekana. Tairi zaweza kuwa na meno mazuri kabisa na huku mpira wake umekauka na kupasuka ndani kwa sababu ya umri. Kanuni za Marekani husema tairi za gari la zimamoto zibadilishwe baada ya miaka saba, hata kama zinaonekana mpya. Tangi la chuma huliwa na kutu kwa ndani, na huko pwani chumvi ya bahari hula fremu kwa chini, pahali ambapo mwenye kukata utepe hawezi kuinama akatazama.

Wenzetu wa Marekani wana kanuni zilizoandikwa juu ya mambo haya. Husema gari likipita miaka 15 lisiwe tena la mstari wa mbele bali liwekwe akiba, na likipita miaka 25 liondolewe kabisa. Kila mwaka pampu hupimwa: dakika 20 kwa kiasi chake kamili cha maji, kisha dakika 10 kwa mgandamizo mkubwa zaidi, kisha dakika 10 nyingine kwa mgandamizo mkubwa kupita wote. Ngazi ndefu hukaguliwa kila mwaka, na kila baada ya miaka mitano chuma chake hupimwa kwa vyombo vinavyoona nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona. Mtu asituambie kwamba haya ni mambo ya kitajiri. Kupima pampu kunataka maji, geji, saa ya mkononi na fundi anayejua kazi yake. Vyote hivyo vinapatikana hapa.

MAMBO YALIYOWAPATA WENZETU WA MAREKANI

Labda msomaji atasema, "Shida hizi ni za nchi maskini. Huko kwa matajiri magari yapo tele." Ndugu, sikiliza habari za Los Angeles.

Tarehe 7 Januari 2025 moto mkubwa ulizuka katika mji ule, na katika siku zilizofuata nyumba na majengo zaidi ya 16,000 yaliteketea na watu wapatao 30 wakafa. Mkuu wa zimamoto wa mji huo alisema mbele ya waandishi wa habari kwamba magari na mitambo yao zaidi ya 100 ilikuwa haifanyi kazi, nao hawakuwa na mafundi wa kutosha kuitengeneza. Huu ni mji wa watu wenye fedha nyingi kuliko karibu miji yote ya dunia. Magari walikuwa nayo, lakini yalikuwa yamelala karakana.

Ilikuwaje? Kwa sehemu ni kosa la mji wenyewe, uliobana fedha za mafundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuna habari nyingine nyuma yake, na hiyo yafaa kila mfanyakazi wa Kenya aijue, kwa maana matajiri wa dunia hujifunza kutoka kwa wenzao.

Zamani Marekani ilikuwa na viwanda vingi vya magari haya, vingine vya ukoo mmoja, kila kimoja na mafundi wake. Mwaka 2006 kampuni moja ya wenye mitaji, jina lake American Industrial Partners, ilianza kununua viwanda vya magari ya kazi maalum. Mwaka 2008 ikachukua E-One, watengenezaji wa magari ya zimamoto. Viwanda hivyo vikaunganishwa, na tangu 2015 vikaitwa REV Group. Mwaka 2016 wakanunua KME, mwaka 2017 wakanunua Ferrara, na mwaka 2020 wakanunua Spartan. Majina yaliyokuwa yakishindana sokoni yakawa chini ya mfuko mmoja. Kufika mwaka 2025 kampuni tatu, yaani REV Group, Oshkosh yenye magari ya Pierce, na Rosenbauer, zilikuwa zikiuza zaidi ya nusu ya magari ya zimamoto katika nchi ile.

Basi tazama kilichofuata. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba viwanda viwili vya KME vitafungwa, kimoja Nesquehoning katika jimbo la Pennsylvania na kimoja Roanoke katika jimbo la Virginia, na mwaka 2022 vikafungwa. Mamia ya wafanyakazi waliojua kazi ile kwa mikono yao wakaambiwa kwaheri. Wakati huo huo magari yalikuwa yakitakiwa na kila mji! Gari la pampu lililokuwa likiuzwa kwa dola nusu milioni au chini ya hapo miaka kumi iliyopita, sasa ni kama dola milioni moja, yaani zaidi ya shilingi milioni 125 za Kenya kwa bei ya dola ya mwaka 2025. Gari la ngazi ndefu limefika dola milioni mbili. Na ukiisha kuagiza, hupati. Zamani walingoja mwaka mmoja au chini yake. Sasa miji mingine imengoja miaka miwili, mitatu, hata minne. Kufika mwisho wa mwaka wa hesabu wa 2024, REV Group peke yake ilikuwa na oda za magari ya zimamoto na ambulansi zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 4 ambazo bado hazijakabidhiwa kwa wenyewe. Na katika mwaka huo huo, kampuni ilipouza kiwanda chake cha mabasi, wenye hisa waligawiwa dola tatu kwa kila hisa.

Twaomba msomaji aweke mambo hayo mawili kando kwa kando: miji inangoja magari, na wenye hisa hawangoji.

WAFANYAKAZI NDIO WALIOPIGA KELELE

Ni nani aliyelitoa jambo hili hadharani? Walikuwamo waandishi wa habari, ni kweli. Lakini chama cha wafanyakazi kilisimama mbele. Chama cha Kimataifa cha Wazima Moto, kilichoundwa mwaka 1918, chenye wanachama zaidi ya 350,000 katika Marekani na Kanada, kiliandikia serikali mwaka 2025 kikitaka kampuni hizo zichunguzwe. Mwezi Septemba mwaka huo kamati ya Baraza la Seneti ilikaa kusikiliza jambo hilo, na rais wa chama, Edward Kelly, alitoa ushahidi. Maseneta wa vyama vyote viwili, wasiopatana kwa mengi, walipatana kwa hili. Tena mji wa La Crosse, katika jimbo la Wisconsin, ulipeleka kampuni hizo tatu mahakamani mwaka huo huo.

Kampuni zimekana. Husema bei imepanda kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kwa sababu vipuri vilikosekana, na kwa sababu kila mji unataka gari la namna yake. Mahakama itasema yake. Sisi si mahakimu. Lakini tuna haki ya kuuliza swali la mtu wa kawaida: kama shida ni kwamba magari hayatoshi, mbona viwanda vilifungwa? Mwenye duka ambaye wateja wamepiga foleni mpaka nje hafungi mlango mmoja. Hufunga tu yule anayejua kwamba mteja hana duka jingine la kwenda.

Hapo ndipo somo lilipo. Wenzetu hawakuandamana kwa ajili ya mishahara tu. Walisema: chombo tunachofanyia kazi ni sehemu ya masharti ya kazi. Breki za gari ni sehemu ya masharti ya kazi. Chama kinachojua kuhesabu shilingi za mshahara na hakijui kuhesabu umri wa gari ambalo mwanachama wake atafia ndani yake, chama hicho kimefanya nusu ya kazi.

NA SISI HAPA KENYA?

Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti kazi ya kuzima moto. Kwa hiyo kila kaunti hununua yake, kwa tenda yake. Nyingine hununua jipya, nyingine hununua lililotumika, nyingine hupewa msaada na marafiki wa ng'ambo. Hatuwatukani wanaotoa msaada. Wengi wao ni wazima moto wenzetu, na wengine wamekuja wenyewe kutufundisha. Lakini kushukuru si kufumba macho.

Kwanza, gari lililostaafu Ulaya limestaafu kwa sababu. Likifika hapa na miaka yake 18 au 20, siku ya kwanza litakuwa bora kuliko kukaa bila gari. Siku ya mia mbili litataka kipuri ambacho kiwanda kimeacha kukitengeneza. Hapo ndipo gari la pili huvunjwa ili kuponya la kwanza, na la tatu kuponya la pili. Katika karatasi za kaunti kuna magari matatu. Ukienda stesheni kuna gari moja na mifupa miwili.

Pili, viungo vya mipira. Mpira wa Mwingereza hufungwa kwa kiungo cha namna yake, wa Mjerumani kwa kingine, wa Mmarekani kwa kingine. Baltimore, huko Marekani, moto uliwaka tarehe 7 na 8 Februari 1904. Miji jirani ilipeleka msaada kwa garimoshi: Washington, Philadelphia, hata New York. Watu walifika na mipira yao, lakini mingi haikuingia katika mabomba ya barabarani ya Baltimore kwa sababu nyuzi za viungo hazikulingana. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea huku watu wenye mipira wakihangaika na viungo vyao. Zaidi ya miaka 120 imepita tangu siku ile. Je, kaunti inayopokea gari moja kutoka nchi hii na jingine kutoka nchi ile imekwisha kuuliza kama mipira yake itaungana na ya kaunti jirani siku ya msiba?

Tatu, hewa ya juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na hewa ndiyo inayosukuma maji yapande katika pampu unapovuta kutoka mtoni au bwawani. Kwa hiyo pampu ya hapa hupoteza karibu mita mbili za kina cha kuvutia ikilinganishwa na pampu hiyo hiyo ikiwa Mombasa. Na injini isiyo na taboo hupungukiwa nguvu pia. Gari lililopimwa kando ya bahari huko Ulaya na kupewa cheti si gari lililopimwa Nairobi, wala Eldoret, wala Nyahururu. Lipimwe hapa, mbele ya watakaolitumia, kabla ya hundi kuandikwa.

Nne, ukubwa. Mkubwa hupenda gari kubwa kwa sababu linajaza picha. Lakini mtaa wa Kibera au Mathare haukujengwa kwa gari la tani 18. Gari kubwa hubaki barabarani, na moto uko ndani mita mia tatu. Gari dogo mawili yenye pampu nzuri na mipira mirefu yangefaa zaidi kuliko jitu moja lisilopita. Aulizwe dereva, atakuambia bila kulipwa marupurupu ya semina.

MAWE YANAYOTUPWA KWETU

Zamani katika mji huu watu walikimbia wakiona wazimamoto, wakaamini kwamba gari jekundu limekuja kuchukua damu ya watu. Siku hizi hawakimbii. Wanaokota mawe. Tukichelewa tunapigwa. Tukifika na maji yakaisha tunapigwa, tena tunaambiwa, "Mmekuja bila maji!"

Ndugu mwananchi, fanya hesabu pamoja nasi. Tangi la lita 4,000. Mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika. Hiyo ni lita 1,000 kwa dakika. Kwa dakika nne tangi limekwisha. Gari halikuja bila maji. Limekuja na maji ya dakika nne, na kazi yake ilikuwa kuunganishwa na bomba la barabarani katika dakika hizo nne. Kama bomba limekauka, au limejengewa kibanda juu yake, au kiungo hakilingani, mzima moto hawezi kutema maji kutoka kinywani mwake. Anayestahili kuulizwa hayupo pale motoni. Yuko kitandani, na nambari yake ya simu haipokelewi mpaka asubuhi.

Lakini hatutaki huruma tu. Mwananchi anayetupiga mawe na sisi tunaopigwa tumedhulumiwa na mkono mmoja. Sote tumelipa kodi ya gari lile.

HOJA ZAO, NA MAJIBU YETU

Husema, "Fedha hakuna, kwa hiyo tununue la bei ndogo." Tuchukue mfano wa hesabu tu. Gari moja ni shilingi milioni 60, nalo ladumu miaka 20. Hiyo ni milioni tatu kwa mwaka. Jingine ni shilingi milioni 40, nalo ladumu miaka minane. Hiyo ni milioni tano kwa mwaka. La rahisi ni lipi? Mama anayenunua sufuria sokoni anaijua hesabu hii. Kwa nini aliyesoma chuo kikuu asiijue?

Husema, "Wazima moto wanataka anasa." Breki si anasa. Mkanda wa kiti si anasa. Pampu iliyopimwa si anasa. Kama ni anasa, basi na waondoe breki katika magari yao wenyewe kwanza, tuone.

Husema, "Matengenezo yatafikiriwa bajeti ijayo." Kila mwaka husema hivyo. Kununua gari bila kutenga fedha za spea na mafundi ni kama kuoa bila kufikiri habari ya chakula. Los Angeles imetuonyesha mwisho wake. Gari lisilo na fundi ni chuma kilichopakwa rangi nyekundu.

Husema, "Ununuzi si kazi ya chama. Ni kazi ya wataalamu." Je, dereva aliyeendesha gari hilo miaka 15 si mtaalamu? Fundi aliyeifungua pampu mara arobaini si mtaalamu? Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inataka kuwe na kamati ya kutathmini tenda na kamati ya kukagua na kupokea mali, na inaitambua idara itakayoitumia mali hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao humo. Basi mlango upo. Sisi hatuombi kutobolewa ukuta. Twataka tu wanaosimama mlangoni wasogee.

TUNAYOYATAKA

1. Kila kamati ya kukagua na kupokea gari la zimamoto iwe na dereva, mwendesha pampu na fundi, wanaofanya kazi hiyo kwa mikono yao. Wao wasiporidhika, gari lisipokelewe.

2. Gari lipimwe hapa hapa, katika kimo cha mji litakakofanya kazi, likiwa limejaa maji na watu, kabla ya kulipwa senti ya mwisho. Karatasi za vipimo zibandikwe ukutani stesheni.

3. Tenda ihesabu gharama ya maisha yote ya gari, siyo bei ya siku ya kwanza tu. Anayeuza atoe ahadi ya maandishi ya spea kwa miaka isiyopungua 15, na awafundishe mafundi wetu kulitengeneza.

4. Kila gari liwe na daftari lake la saa za injini, matengenezo, tairi na vipimo vya pampu. Daftari hilo liwe wazi kwa wafanyakazi na kwa wajumbe wa bunge la kaunti.

5. Kaunti zote zikubaliane juu ya kiungo kimoja cha mipira. Gari la msaada lenye kiungo kingine libadilishwe kabla ya kuingia kazini.

6. Magari ya msaada yapokewe kwa masharti: umri ujulikane, pampu ipimwe, na vipuri vipatikane. Tusigeuzwe jalala la vyuma vya watu.

7. Mafundi waajiriwe kwa kazi ya kudumu. Fundi wa kibarua wa miezi mitatu hawezi kuijua pampu atakayoiacha mwezi wa nne.

Kwa wenzetu wa vyama vingine, wa bandari, wa reli, wa viwanda, wa hoteli na wa mashambani, twasema: msidhani haya ni ya wazima moto peke yao. Ghala likiwaka, aliyefungiwa ndani ni mpakiaji. Kiwanda kikiwaka, aliye kwenye mashine ni mshonaji. Ulizeni katika mikutano yenu: gari la karibu na mahali petu pa kazi liko wapi, lina umri gani, na lilipimwa lini? Mkipata jibu, tuandikieni. Msipopata jibu, tuandikieni pia, kwa maana kukosa jibu nako ni jibu.

Na kwa wanachama wetu: jambo hili litaletwa mbele ya kila tawi mwezi huu. Kila tawi lihesabu magari yake, liandike linalotembea na lisilotembea, umri wa kila moja, na siku pampu yake ilipopimwa mara ya mwisho. Msiongeze chumvi wala msipunguze. Hesabu ya kweli ndiyo silaha yetu, maana hotuba inaweza kujibiwa kwa hotuba, lakini gari lililokaa juu ya mawe halina la kujibiwa. Makatibu wa matawi walete karatasi hizo makao makuu kabla ya mkutano wa bajeti ya kaunti, siyo baada yake. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

UMOJA NI NGUVU.